Keekee, Damu ya Zamani na Talaka ya Mzee Kondo

Siku mliyoniaga, baada ya keki na hotuba ndefu za watu ambao hawajawahi kushika hata mkasi, mmoja wenu aliniuliza kwa nini siandiki. Nikamjibu mie mwandishi wa nini, mie muuguzi wa thieta, kazi yangu kumpa daktari chombo kabla hajakiomba. Basi nimekaa hapa Goba, nimefagia uwanja mpaka umebaki mwamba, nimemgombeza fundi bomba, nimemgombeza jirani mwenye spika, na sasa wa kumgombeza wameniishia. Ndiyo maana naandika. Vyeo sivitaji, mishahara ndiyo kabisa, maana tutanuniana bure. Nitawaeleza habari ya ugonjwa mmoja tu niliouhudumia tangu siku yangu ya kwanza hadi ya mwisho: ile damu inayojikusanya taratibu juu ya ubongo, wiki baada ya wiki, mwenyewe hana habari. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Sista Apolonia, msimamizi wa thieta, mama wa Kihaya mrefu, mnyoofu, sauti ya chini. Nikasema, "Shikamoo sista." Akajibu, "Marahaba. Kucha." Nikanyoosha mikono. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya binamu yangu, kucha nyekundu zinawaka. Akanitazama usoni, akazitazama kucha, akaniambia, "Rangi hiyo utapaka ukistaafu. Nenda kazisugue, halafu urudi tuanze upya." Nikaenda, nikarudi, nikasema tena shikamoo, naye akaitika kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Nimestaafu sasa na rangi nimepaka, lakini haikai. Nafua mno.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo na kuvipanga kwenye trei zake. Kwenye trei ya kichwa nikakuta keekee. Nyie wa leo mnacheka, lakini ilikuwa keekee kweli, ya chuma kitupu, ya kuzungusha kwa mkono, sawasawa na ile aliyokuwa nayo baba yangu mdogo kule Same akitobolea fremu za milango. Nikadhani kuna fundi seremala aliyekuja kurekebisha kabati akaisahau, nikaiweka pembeni kwa heshima ili mwenyewe aikute. Sista Apolonia akaingia, akaiona pembeni, akauliza nani kaitoa. Nikamweleza. Hakucheka. Aliishika, akaizungusha mara mbili hewani, akasema, "Fundi mwenyewe anakuja saa tatu. Na wewe utamshikia mbao."

Mbao yenyewe ilikuwa mzee mmoja ambaye hajatamka neno siku nyingi. Walimpiga ganzi ya ngozi tu, usingizi hakupewa, na mie nikawekwa chini ya mashuka nishike kichwa kisitikisike. Nasikia daktari anazungusha keekee juu yangu, mfupa unalia krr, krr, na mwenzangu anamwagia maji ili usiungue. Sista alikuwa amenionya: mkono wa daktari ukianza kusita, ujue mfupa unakaribia kwisha, hapo hata kupumua pumua polepole. Tundu likatoboka. Ndani kuna utando mgumu, una rangi ya samawati iliyofifia. Daktari akauchana kwa ncha ya kisu, na damu ikaruka. Damu gani! Nyeusi, nyepesi, kama oili chafu inayomwagwa gereji. Nikataka kupiga kelele nikidhani tumeua mtu. Wakasafisha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka maji yakatoka meupe. Daktari akawa anaunguza vimishipa vya ngozi kwa umeme kuzuia damu, moshi unapanda, na mara nikasikia sauti chini ya shuka, karibu kabisa na sikio langu: "Nani kaunguza nyama?"

Yule mzee! Mtu aliyeletwa amekaa kama gunia. Nilitoka pale machozi yananitiririka. Sista Apolonia akanipokea mlangoni, akaniambia thieta haililiwi, machozi yana vijidudu, nikamalizie nje. Nikaenda nikamalizia nje. Siku ile ndiyo nilijua sihami idara hii hata waniburute.

Ugonjwa wenyewe mnaujua, lakini nauandika kwa ajili ya wale wa wodi nyingine wanaousoma kwa haraka ili wafaulu mtihani. Ubongo wa mtu mzima hunywea kidogo, kwa hiyo vimishipa vinavyouunganisha na ule utando wa juu vinabaki vimevutika. Akijigonga hata kidogo, kimoja kinachanika na kuvuja. Hakivuji kwa kishindo. Kinavuja kimyakimya, damu inatuama, inajitengenezea ngozi yake, inaendelea kujaa. Wiki zinapita. Ndipo unaona mtu analalamika kichwa, analala hovyo, anaburuta mguu, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Asubuhi mzima, jioni siye. Watu wa Mbezi Beach wanasema ni uzee, wanamtafutia binti wa kumwangalia. Watu wa Temeke wanasema ni jini, wanamtafutia mtu wa kumsomea. Wote wanachelewa sawasawa, na wote wakifika kwetu wanatugombeza sie kwa foleni.

Dk. Mrisho ndiye aliyenifundisha kuuliza. Alikuja kwetu kijana, amekonda, ameshika begi kama mwanafunzi, na tumezeeka pamoja mule ndani. Kwenye karatasi imeandikwa "Je, ameanguka?" na ndugu wote hujibu hapana. Hawadanganyi. Kwa mtu wa huku, kuanguka ni kwenda chini pwaa, watu wakakusanyika. Kichwa kugonga kabati, au mbao ya mlango, nani ataita huko kuanguka? Dk. Mrisho alikuwa anauliza, "Amejigonga wapi? Mlikuwa mnafanya nini nyumbani siku hiyo, mkacheka?" Hapo sasa wanakumbuka. Kicheko wanakikumbuka. Mie nikaiga, na nyie igeni.

Na kuna habari ya mfuko. Baada ya kusafisha tunaacha mpira mwembamba chini ya fuvu, unaelekea kwenye mfuko ulioning'inizwa chini ya kitanda, ili kilichobaki kishuke chenyewe. Mgonjwa analala chali, mfuko unakaa chini, basi, hakuna sayansi zaidi ya hiyo. Sasa tulikuwa na bibi mmoja wa Madale, watoto wake wenye adabu mno. Wakapata habari kwamba kwaya nzima ya kanisani inakuja kumwombea mama yao. Loh! Wageni waje waone mfuko wa damu unaning'inia? Wakaunyanyua, wakauweka kitandani karibu na mto, juu kabisa ya kichwa, wakaufunika kitenge kipya. Kwaya ikaimba nyimbo tatu nzima. Uchafu wote ukarudi kule ulikotoka. Nilipopita nikamkuta bibi amelegea, anakoroma, na mabinti wananiambia amebarikiwa na usingizi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku ile niliwakaripia mpaka mwalimu wa kwaya akaomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Tangu hapo kila ndugu nilimwambia kabla hajakaa: aibu ya mfuko huu ni yangu mie, wewe usiuguse.

Sasa niwaeleze kisa cha Mzee Kondo.

Keekee ya mkono ilikuwa imeshawekwa kabatini, tunatumia ya umeme inayojizima yenyewe mfupa ukiisha. Mzee Kondo aliletwa na mwanawe wa kike, Rehema, kutoka upande wa Temeke. Mzee wa Kizaramo, mfugaji wa kuku wa mayai, kofia ya kufuma kichwani imekaa upande. Anakutazama, anatabasamu, hajui yuko wapi. Mkono wa kushoto umelegea. Nikamuuliza Rehema, mama yuko wapi? Maana nyie mnajua, mzee wa Pwani haletwi hospitali bila mkewe aliyebeba kapu la vyombo na ushauri. Rehema akainama. Nikauliza tena, nikidhani hakusikia. Akanishika mkono akanitoa koridoni.

"Sista, baba kamwacha mama."

"Kamwacha wapi?"

"Kampa talaka. Tatu."

Mie Mpare, Mlutheri, nikasema haya makubwa, lakini yanahusiana nini na kichwa? Akanieleza. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Baba karudi msikitini, kakaa barazani na shemeji yake, kaka yake mama, aliyekuja kuwatembelea. Mama kaleta chai. Baba kamtazama kama mtu asiyemjua, kasema, "Wewe mwanamke, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha." Kapokea chai, kanywa. Mama kakaa chini palepale sakafuni. Kaka yake kapandwa na hasira, kasema dada yangu si wa kutupwa uzeeni, kamkusanyia nguo zake na kuondoka naye kwenda Mbagala. Mama yuko huko, kakaa eda ya kuachwa.

"Talaka moja au mbili watu wanarudiana," Rehema akaniambia. "Tatu hapana, mpaka mama kwanza aolewe na mwanamume mwingine, waachane. Mama na umri ule! Shehe amesema zikisemwa tatu ni tatu, isipokuwa kama baba alikuwa hana akili zake. Mjomba anasema alikuwa nazo, amechoka tu na mke mzee. Sista, nyie mtajua? Alikuwa mwenyewe, au siyo mwenyewe?"

Nimeulizwa maswali mengi koridoni. Atapona lini, atatembea, atakula ugali. Hilo lilikuwa la kwanza la namna yake.

Picha ya CT ikaonyesha tuliyoyatarajia: damu upande wa kulia, nyingi, imeukandamiza ubongo kando. Dk. Mrisho akamuuliza Rehema swali lake: mlicheka lini? Rehema akafikiri. Kisha akajishika mdomo. Siku ya hitima ya bibi yao, baba alikwenda kukamata kuku wa kuchinja, akajigonga paji la uso kwenye mbao ya juu ya mlango wa banda. Akatoka anajisugua kichwa, jogoo kwapani, watu wote wakacheka, na yeye akacheka. Na hitima hiyo ilikuwa kabla ya ile Ijumaa? Kabla, akasema, muda mrefu kabla.

Tukamwingiza. Kumnyoa ilikuwa kazi, alikuwa ananiambia nimpunguze tu pembeni. Ganzi, matundu mawili, mie nikiwa kwenye trei. Dk. Mrisho nilikuwa nimeshamweleza habari ya talaka, akatikisa kichwa tu. Utando ulipochanwa ikatoka oili chafu, na ndani yake madonge ya kahawia, na kuta za ngozi ambazo damu yenyewe imeshajijengea. Akasimamisha mkono. "Sista, unaiona?"

"Naiona, dokta."

"Hii si ya juzi."

"Si ya juzi."

Akaendelea kusafisha.

Kesho yake Mzee Kondo alikuwa mtu mwingine. Anajua jina lake, anajua mtaa, anajua bei ya chakula cha kuku na anamlaani anayeipandisha. Jambo la pili aliuliza, "Mwanahawa yuko wapi?" Rehema akababaika, akasema mama anaumwa mguu. Mzee akakasirika. "Mguu? Mie nimetobolewa kichwa yeye ananiletea habari ya mguu? Mwambie aje hata kwa magongo." Kisha akageukia ukuta. Wagonjwa wa Pwani hawalii mbele ya sista, wanageukia ukuta.

Na nje, kwenye veranda ya wodi, nikawa namwona mama mmoja wa buibui. Saa ya kuona wagonjwa anakuja, anasimama karibu na nguzo mpaka kengele igongwe, anaondoka. Nikajua ni mambo ya walinzi. Walinzi wetu mnawajua, wakiamua kumsumbua mtu wanamsumbua. Nikatoka nimeshakunja mikono ya gauni. "Mama, shikamoo. Nani kakuzuia? Ingia, huu ndio muda."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyenizuia. Siruhusiwi tu."

"Na nani?"

"Mie si mke wake tena. Si wa kukaa kitandani kwake nikamshika. Na hata hapa sikupaswa kuja, niko edani. Kaka yangu akijua nimetoka atanisema." Akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Ameulizia chakula?"

"Amekuulizia wewe."

Machozi yakamtoka papo hapo. Akajipangusa. Akasema, "Niambie kitu kimoja, sitakuuliza cha pili. Yale maneno aliyasema yeye, au iliyasema damu?"

Jamani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka niseme damu. Nilitaka kusema damu kuliko nilivyowahi kutaka kusema neno lolote. Lakini Sista Apolonia alinilea vibaya: ambalo daktari hajalisema, muuguzi halisemi. Nikamwambia, "Mama, hilo atalijibu daktari, na shehe wenu. Nitahakikisha wanakutana." Akaniitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, na ile adabu yake iliniuma kuliko kama angenitukana.

Wakakutana kwenye ofisi ya wodi. Shehe wa mtaa wao, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kaka yake Bi Mwanahawa, mtu wa miraba minne, amekaa ukingoni mwa kiti kama anataka kuondoka. Rehema, Dk. Mrisho, na mie nimesimama mlangoni. Bi Mwanahawa alibaki verandani, dirisha liko wazi.

Shehe aliuliza vizuri kuliko watahini wetu. Damu ile ilianza lini? Daktari akasema wiki kadhaa, zinaafikiana na siku ya banda la kuku. Mtu mwenye damu ile anaweza kutembea, kula, kwenda msikitini, na bado asijue anachosema? Anaweza, akasema daktari, akili inakuja na kuondoka kama umeme wetu. Shehe akanigeukia. "Na wewe mama ulikuwepo. Uliiona kwa macho yako?" Nikasema niliiona, nyeusi kama oili chafu, damu mbichi haiko hivyo. Akanishukuru. Nikawaza, Mlutheri mie, leo natoa ushahidi wa ndoa ya Kiislamu, bibi yangu angezirai.

Lakini kaka mtu akainuka nusu. "Dokta, nakuuliza mbele ya shehe. Ijumaa ile, alasiri ile, saa ileile aliyotamka. Unaweza kuapa hakuwa na akili?"

Dk. Mrisho akavua miwani. Ni mtu mkweli, wakati mwingine mpaka unatamani kumfinya. "Kuapa kwa saa ileile siwezi. Sikuwepo."

"Mmesikia," akasema kaka mtu. "Hajui. Nami nilikuwepo. Alisema macho makavu, mchana kweupe, ametoka kuswali Ijumaa muda si mrefu. Mtu aliyetoka kuswali mnasema hana akili?"

Nikamtazama Rehema, kajifunika uso. Nje dirishani sikusikia hata mtu kuvuta pumzi. Nikasema moyoni, imekwisha, mama huyu anakwenda kuzeekea Mbagala na mzee huyu anakwenda kufa akiugeukia ukuta.

Shehe hakuhamaki. Akauliza kwa upole, kama anauliza njia. "Ijumaa ile mliswali pamoja?"

"Pamoja. Bega kwa bega, nyuma yako."

"Mimi nilikuwa mbele, nyuma sioni. Aliswali sawasawa?"

Kaka mtu akatazama sakafu. Yule mwanamume mkubwa vile akaanza kutoka jasho kwenye paji.

"Shehe, mambo ya mtu mzima msikitini hayasemwi."

"Leo yaseme. Ukinyamaza leo, hutakuwa umemsitiri mtu."

Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa. Ijumaa ina rakaa mbili, shehe alipotoa salamu watu wote wamekaa, Mzee Kondo akainuka kuanza ya tatu. Yeye akamvuta kanzu, akamkalisha. Mzee akainuka tena, akamvuta tena. Akatazama huku na huku kama kuna aliyeona, akamshukuru Mungu hakuna. Wakati wa kutoka mzee akavaa ndara moja, ya mguu wa kushoto akaiacha, akaondoka hivyohivyo mguu mtupu kwenye lami ya moto, hahisi. Yeye akaiokota, akaibeba ndani ya mfuko wa kanzu mpaka nyumbani. "Nikasema ni uzee. Nikasema nitamficha shemeji yangu aibu yake. Halafu tumefika barazani, akamwambia dada yangu vile, nikasahau yote, hasira tu."

Shehe akamgeukia. Akasema, "Mtu asiyejua yuko rakaa ya ngapi, atajuaje anatoa talaka ya ngapi? Hakuna talaka hapo. Mwambie dada yako hana eda. Ana mgonjwa."

Kaka mtu akalia. Alilia waziwazi, mabega yanatikisika, anasema nimemnyang'anya mtu mkewe akiwa mgonjwa. Rehema akamshika. Mie nikatoka nje, maana thieta haililiwi na ofisi ya wodi nayo nikaona isililiwe.

Verandani Bi Mwanahawa alikuwa ameshasikia yote. Nilidhani atakimbilia ndani. Akanishika kifundo cha mkono, mkono wake wa baridi, akasema, "Sharti moja. Asijue. Nyie wote, na kaka yangu, na shehe. Akijua aliniambia vile atakufa kwa haya, na mie ndiyo kwanza nimempata." Tukaahidi wote, mmojammoja. Nimelishika sharti hilo mpaka Mzee Kondo alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa maradhi mengine kabisa. Nilipokwenda kumpa mkono wa pole, Bi Mwanahawa akaniambia sasa niseme, huenda yuko mke mwingine mahali amekaa edani kwa ajili ya damu. Kwa hiyo wenzangu, mzee akiletwa bila mkewe, ulizeni mkewe yuko wapi. Hilo kwenye karatasi halipo.

Akaingia wodini. Nikamfuata nyuma kwa kisingizio cha kuangalia mfuko. Mzee Kondo akageuka kutoka ukutani, akamwona, akakunja uso kama mfalme aliyecheleweshewa chakula.

"Mguu umepona?"

Bi Mwanahawa hakujua habari ya mguu, hakuna aliyemwambia. Aliganda kama nukta moja tu. Kisha, wallahi, akaanza kuchechemea. Alichechemea kutoka kitanda cha tatu mpaka cha saba, akishikilia vyuma vya vitanda, akaketi kwa taabu, akasema, "Unauma bado, lakini ningefanyaje na wewe huli?" Ndugu wa kitanda cha sita wakampisha wakidhani ni mama mlemavu.

Walirudi kliniki kutoa nyuzi. Mzee amenawiri, kanzu imepigwa pasi, mkono wa kushoto unashika kila kitu. Bi Mwanahawa alichechemea mpaka mlangoni, nadhani alikuwa ameshazoea. Dk. Mrisho akamtazama kidonda, akamtikisa mikono, akamtembeza. Kisha akauliza, kama tunavyowauliza wote, kama wakati anaumwa alikuwa na hasira za ghafla, au maneno makali kwa watu wa nyumbani.

"Mie?" Mzee Kondo akacheka kweli. "Dokta, mwenyewe huyu hapa, muulize. Tangu nimemuoa, usichana wake mpaka leo tuna wajukuu, neno la kuachana halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Hata kwa utani."

Dk. Mrisho akanitazama mie. Mie nikautazama mkasi. Bi Mwanahawa akainuka, akachukua kofia ya mumewe mezani, akamvalisha, akaivuta chini taratibu mpaka ikafunika makovu yote mawili.

"Halijawahi," akasema. "Inuka twende, watu wako kwenye foleni."